Tangi Likiondolewa, Je, Kisima Kimepona? Uchafuzi wa Maji ya Ardhini kwa Mafuta Kisiwani Unguja

Kisiwa cha Unguja hakina ziwa kubwa, wala hakina mto wenye maji ya kuwatosha wakazi wake. Mvua za masika na za vuli hunyesha, maji huzama ardhini, nayo hutunzwa humo mpaka yatekwe kwa ndoo au pampu, au mpaka yajitokeze yenyewe katika chemchem. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchem za kaskazini ya mji hadi Mji Mkongwe kwa mabomba. Tangu siku hizo mpaka leo mji umekua mara nyingi, lakini jambo moja halikubadilika: maji yanywewayo Unguja ni maji yaliyopita ardhini kwanza.

Ardhi hiyo hiyo ndiyo tunayofukia matangi ya petroli na dizeli. Kila kituo cha mafuta kina tangi moja au zaidi chini ya sakafu yake. Tangi huzeeka, huondolewa au huachwa, na mahali pake hujengwa duka, nyumba au maegesho ya magari. Hapo huzuka swali ambalo ni la kemia, la fizikia na la jiolojia kwa pamoja: tutajuaje kuwa mahali palipokuwa na tangi ni salama tena? Katika makala haya tutalichambua swali hilo hatua kwa hatua, kwa namna ambayo mwalimu wa sekondari ataweza kuitumia darasani.

1. Ardhi ya Unguja ilivyo

Wakulima wa Unguja walikwisha kuainisha udongo wao kabla ya wataalamu kufika na vifaa. Upande wa magharibi na kati upo udongo wenye kina, kama vile kichanga, ambao una mchanga mwingi, na kinongo, ambao ni mwekundu na wenye rutuba. Huko ndiko iliko mikarafuu. Mabondeni upo udongo mzito wa kinamo. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda na maweni: tabaka jembamba la udongo juu ya mwamba wa matumbawe.

Mwamba wa matumbawe ni chokaa, yaani kalsiamu kaboneti. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa polepole kwa maelfu ya miaka. Matokeo yake ni nyufa, matundu na mapango. Pango la Mangapwani, lenye maji baridi ndani yake, linajulikana na wengi. Vivyo hivyo pango la Kuumbi karibu na Jambiani. Baadhi ya vijito vya kisiwa hupotelea katika matundu ya mwamba kabla havijafika baharini.

Tofauti hii ya ardhi ni muhimu sana. Katika mchanga, maji hupenya katika nafasi ndogo ndogo baina ya chembe, na mwendo wake huwa wa sentimita chache hadi mita chache kwa siku. Katika njia za chokaa iliyotoboka, maji yaweza kwenda mamia ya mita, hata kilomita, kwa siku moja. Mchanga huchuja, pango halichuji.

Tena, maji baridi ya kisiwa huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kwa kadiri, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Msomaji aikumbuke hesabu hii, kwani tutairudia.

2. Tone moja kwa sekunde

Tangi la chuma lililofukiwa bila kinga huliwa na kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Aghalabu tangi halipasuki kwa kishindo. Huanza kutoboka kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, au hulegea katika maungio ya mabomba yake.

Tuchukue mfano wa tundu linalotoa tone moja kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Ikiwa matone 20 hufanya mililita 1, basi kwa siku hupotea mililita 4,320, yaani lita 4.32. Kwa mwaka hupotea lita zipatazo 1,577.

Je, mwenye kituo hataona? Hupima kila asubuhi kwa fimbo yenye alama. Lakini petroli hutanuka ikipata joto: kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa takriban sehemu 0.00095. Katika tangi lenye lita 20,000, badiliko la nyuzi 1 ni lita 19. Hivyo lita 4.32 zinazopotea kwa siku hufichwa na badiliko la joto lisilofikia hata robo ya nyuzi. Kipimo cha siku moja hakiwezi kuliona vujo hili. Hesabu ya mwezi mzima yaweza kuliona, maana joto hupanda na kushuka, lakini vujo halirudi nyuma: baada ya siku 30 zimekwisha kupotea lita 130. Ndiyo sababu daftari la kila siku la mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa na yaliyobaki ni chombo cha kisayansi, wala si karatasi ya mhasibu tu.

3. Mafuta yakifika kwenye maji

Petroli ina uzito wa kilogramu 0.74 hivi kwa lita, dizeli 0.84; zote ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo mafuta yanaposhuka hayazami katika maji ya ardhini, bali hutanda juu yake. Hata hivyo si yote yanayobaki juu. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni, na baadhi yake huyeyuka katika maji kwa kiasi cha kudhuru. Mashuhuri miongoni mwa hizo ni benzeni, toluini, ethilibenzeni na zaileni.

Benzeni ndiyo inayohofiwa zaidi, kwa kuwa imethibitika kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzeni katika lita moja ya maji ya kunywa, yaani miligramu 0.01. Tufanye hesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740. Ikiwa sehemu 1 katika 100 ya uzito huo ni benzeni, basi ina gramu 7.4, au miligramu 7,400. Tukigawa kwa 0.01 tunapata lita 740,000. Benzeni iliyomo katika chupa moja ya petroli yaweza kuyafikisha kwenye kikomo maji ya kujaza matangi 37 ya lita 20,000.

Wengi husema, “Maji yakiwa na mafuta tutayaonja.” Hapa pana hatari. Ulimi wa binadamu huanza kuitambua benzeni katika maji inapofika takriban nusu miligramu kwa lita, na hicho ni kiasi cha mara 50 ya kikomo. Harufu ya petroli kisimani ni onyo la kweli na isipuuzwe. Lakini kutokuwapo kwa harufu si ushahidi wa usalama. Dawa ya klorini huua vijidudu lakini haiondoi benzeni. Kuchemsha huifukuza benzeni kutoka katika maji na kuiingiza katika hewa ya jikoni, mahali alipo mpishi.

Mahali pa vituo vya zamani kuna jambo la ziada. Petroli iliyouzwa kwetu kabla ya mwaka 2006 ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipofika mwanzo wa 2006 uuzaji wake ulikuwa umekoma. Pamoja na risasi hiyo ilitiwa kemikali iitwayo daibromoethani, ambayo kikomo chake katika maji ni kidogo zaidi ya kile cha benzeni: mikrogramu 0.4 kwa lita. Kwa hiyo anayepima mahali pa tangi la miaka ya 1960 au 1980 asipime benzeni pekee.

4. Mfano wa karibu: bonde la Thange

Mfano wa madhara haya uko kwa jirani zetu. Bomba la mafuta la Kenya kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kazi mwaka 1978. Mwezi Mei 2015 vujo lilijulikana katika bonde la Thange, Kaunti ya Makueni, mafuta yalipoonekana katika mto. Wakazi waliotegemea mto huo na visima vya bonde hilo kwa kunywa, kumwagilia na kunywesha mifugo walipoteza maji yao. Mashauri yalidumu miaka mingi. Mwezi Julai 2025 mahakama ya mazingira na ardhi huko Makueni iliiamuru kampuni ya bomba hilo iwalipe maelfu ya wakazi fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, chombo cha chuma kilichofukiwa kwa karibu miaka 40 hakiaminiki kwa macho tu. Pili, mafuta yaliyotoka kwa muda mfupi yalizaa kazi ya zaidi ya miaka kumi. Kuziba bomba ni kazi ya siku chache. Kusafisha maji ya ardhini ni kazi nyingine kabisa.

5. Hatua za kusafisha mahali

Kazi ya kitaalamu hufuata utaratibu ufuatao.

(a) Kukomesha chanzo. Mafuta yaliyobaki hupampuliwa, mvuke hutolewa, kisha tangi hufukuliwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala shimoni. Cheche moja yaweza kuua. Kwa sababu hiyo, mtu asiteremke katika kisima chenye harufu ya mafuta, wala asimulike ndani yake kwa moto.

(b) Kupima udongo chini ya tangi na chini ya mabomba yake.

(c) Kuchimba visima vya uangalizi, visivyopungua vitatu na visivyokuwa katika mstari mmoja. Ukijua kimo cha maji katika visima vitatu unaweza kujua maji yanaelekea wapi, kama vile ncha tatu zinavyotosha kuweka ubao usiyumbe.

(d) Kuondoa mafuta yanayoelea, na kufukua udongo ulioloa.

(e) Kutibu kilichobaki. Mvuke waweza kunyonywa kwa pampu ya hewa, maji yaweza kupitishwa katika mkaa maalumu, au bakteria waliomo ardhini waachwe wafanye kazi yao chini ya uangalizi.

(f) Kupima tena na tena, na hatimaye kufunga faili la mahali hapo.

Kuhusu bakteria, ni kweli kuwa hula haidrokaboni. Lakini kila gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 3.5 za oksijeni ili iishe. Lita moja ya petroli huhitaji basi gramu 2,590. Maji yenye joto la nyuzi 26 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Kwa hiyo kuimaliza lita moja ya petroli kwa oksijeni pekee kunataka maji yapatayo lita 320,000. Bakteria wengine hutumia naitreti, chuma na salfeti badala ya oksijeni, lakini kazi yao huwa ya polepole zaidi. Ni wafanyakazi waaminifu, ila wana mwendo wao.

6. Lini faili lifungwe?

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Huko Marekani, sheria ya kudhibiti matangi yaliyofukiwa ilipitishwa mwaka 1984, na tangu wakati huo mavujo zaidi ya 500,000 yamethibitishwa. Kusafisha kila mahali mpaka tone la mwisho kulionekana kuwa kazi isiyo na mwisho. Mwaka 1995 maabara ya Lawrence Livermore ilichunguza mamia ya sehemu za mavujo katika jimbo la California, ikaona kuwa katika takriban tisa kati ya kumi wingu la benzeni halikuzidi mita 80 hivi kutoka kwenye chanzo. Bakteria walikuwa wakilila kwa kasi ile ile lililokuwa likisonga mbele. Kwa msingi wa maarifa kama hayo, California ilipitisha mwaka 2012 kanuni ya kufunga mafaili ya sehemu zenye hatari ndogo. Kwa mfano, faili laweza kufungwa ikiwa vujo limekoma, hakuna mafuta yanayoelea, wingu halikui wala halizidi futi 100 (mita 30), na kisima cha maji kilicho karibu zaidi kiko zaidi ya futi 250 (mita 76) kutoka kwenye ukingo wake.

Kanuni hiyo ni ya busara mahali pake. Sisi tuliosomea ng'ambo tulirudi na kanuni za namna hii katika mabegi yetu, na mwanafunzi wa leo huzipata kwa urahisi zaidi kuliko sisi. Lakini kanuni ina mizizi katika ardhi iliyoizaa. Tuzingatie tofauti nne.

Kwanza, vipimo vya California vilitoka zaidi katika mchanga na udongo wa mabonde. Mita 76 katika kichanga ni umbali wenye maana. Katika maweni, ambako ufa mmoja waweza kuunganisha tangi na kisima, mita 76 zaweza kuwa safari ya saa chache.

Pili, kanuni ile hudai kwamba mahali panapohusika pawe katika eneo linalohudumiwa na mfumo wa maji wa umma. Katika vitongoji vingi vya Unguja bomba na kisima cha uani hutumika pamoja. Bomba likikauka, watu hurudi kisimani.

Tatu, karibu na pwani maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Mafuta yanayoelea hupakazwa juu na chini katika mwamba, na mwelekeo wa maji waweza kugeuka kwa saa. Kipimo kimoja hakitoshi. Yafaa kupima wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, na pia baada ya masika na mwishoni mwa kiangazi.

Nne, dawa ya kupampu maji machafu kwa nguvu ina hatari yake kisiwani. Turudi kwenye hesabu ya mita 40. Pampu ikishusha kimo cha maji kwa mita 0.25 tu na kukidumisha hapo, mpaka wa maji ya chumvi waweza kupanda kufikia mita 10. Tutakuwa tumeondoa petroli na kuleta bahari.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba faili la Unguja lisifungwe kwa umbali peke yake. Lifungwe kwa ushahidi wa mambo haya: ramani ya mwamba na nyufa zake, orodha ya visima vyote vya jirani, vikiwamo vya uani, vipimo vya angalau mwaka mzima wa majira yote, na kumbukumbu ya kudumu inayomwambia atakayejenga au kuchimba baadaye kwamba hapa palikuwa na tangi. Faili likifungwa bila kumbukumbu, maarifa nayo hufukiwa.

7. Kwa nini jambo hili ni la sasa

Ghala kuu za mafuta za Unguja zimekuwa Mtoni kwa miaka mingi, kando ya bahari na si mbali na magofu ya jumba la Seyyid Said. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imeichagua Mangapwani kwa bandari mpya itakayohudumia pia mafuta na gesi. Shughuli ikihama, mahali pa zamani huhitaji kuchunguzwa, na mahali papya huhitaji kupimwa kabla ya tangi la kwanza kuwekwa, ili siku za usoni pawe na kipimo cha kulinganishia. Jina la Mangapwani huendana na pango lake la maji. Hilo peke yake latosha kutukumbusha mwamba uliopo huko.

Tusisahau matangi madogo. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa waya wa baharini kwa takriban miezi mitatu, na jenereta zikawa tegemeo. Pipa la dizeli lililowekwa kando ya kisima ili kuendesha pampu yake ni ghala la mafuta pia, na mara nyingi halina sakafu ya saruji wala ukuta wa kuzuia.

Vyombo vya kusimamia vipo: Mamlaka ya Maji Zanzibar iliyoundwa kwa sheria ya 2006, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati kwa sheria ya 2013, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira kwa sheria ya 2015. Kazi ya shule ni kuvipatia vyombo hivyo raia wanaojua kuuliza swali sahihi na kusoma jibu lake.

8. Jaribio la darasani

Vifaa: chupa mbili za plastiki zilizokatwa vitako na kugeuzwa midomo chini, kitambaa, mchanga safi, vipande vya jiwe la matumbawe, maji yaliyotiwa rangi ya chakula, na saa.

Funga midomo ya chupa kwa kitambaa. Jaza moja mchanga, nyingine vipande vya jiwe, kwa kimo sawa. Mimina mililita 200 za maji ya rangi katika kila moja. Andika muda mpaka tone la kwanza litoke, na muda mpaka mililita 100 zitoke. Kisha mimina maji safi na uhesabu ni mara ngapi mpaka rangi iishe. Mwalimu asiruhusu petroli wala mafuta ya taa kutumika katika jaribio hili.

Maswali ya kujipima

1. Tundu la tangi linatoa tone moja kila sekunde 3. Ni lita ngapi zitapotea kwa mwaka?

2. Visima A, B na C viko katika ncha za pembetatu. Kimo cha maji juu ya usawa wa bahari ni mita 1.20 katika A, mita 1.05 katika B na mita 1.20 katika C. Chora pembetatu hiyo na uonyeshe maji yanaelekea wapi. Kwa nini kipimo hiki chaweza kupotosha ikiwa visima viko karibu na pwani?

3. Mwenye kiwanja asema: “Tangi liliondolewa miaka kumi iliyopita na maji hayanuki, basi hakuna haja ya kupima.” Toa sababu mbili za kisayansi za kumjibu.

4. Chora ramani ya mtaa wako. Weka alama mahali penye visima, na mahali palipo au palipowahi kuwa na tangi la mafuta. Waulize wazee wa mtaa. Wao ni kumbukumbu ambayo haimo katika faili lolote.